Saa ya Chuma kwa Saa ya Dhahabu

Ngalula wangu,

Utakapofungua bahasha hii, treni itakuwa imekwisha kuiacha Likasi, na weye utakuwa umekaa dirishani ukitafuna zile karanga nilizokukataza kuzimaliza siku moja. Mambo ya karanga, ya sabuni na ya kufunga mlango nimekwisha kuyasema, na baba yako ameyarudia kama padri anayesoma litania. Siandiki kwa ajili ya hayo. Naandika kwa sababu chini kabisa ya mkoba wako, ndani ya soksi za baba yako, utakuta saa sita. Utazihesabu, nakujua. Utazihesabu mara mbili, halafu utasema: Mama amesahau ile nyeusi.

Sikusahau. Ile nyeusi haiji kwako, wala haitakuja. Nilikuahidi mbele ya shangazi zako siku matokeo ya mtihani yalipotoka, nikajipiga kifua kabisa, na leo navunja ahadi. Ningeweza kukuambia imeibiwa. Kwa jinsi nchi yetu ilivyo siku hizi ungeamini bila kuuliza. Lakini unakwenda kusomea kazi yangu ya uuguzi. Kuanzia wiki ijayo utashika mikono ya watu waliolala, na mara nyingi kwenye mkono wa mtu aliyelala kuna saa. Kwa hiyo nataka habari hii uipate kwangu, kabla hujaipata kwa mtu wa migodi ya Kamatanda au wa ziwani.

Umekwenda kuaga wenzako wa kwaya. Baba yako anakoroma na gazeti usoni. Honi ya kiwanda cha Shituru imelia sasa hivi, zamu ya mchana inaingia, na nina nafasi mpaka utakaporudi na makelele yako.

Weye umekua ukidhani kila nyumba ina mama mwenye wazimu wa saa. Hapana, mwanangu, ni sisi tu. Wageni wakiziona huwa wanampongeza baba yako, kwa sababu nani amewahi kuona mwanamke anakusanya saa za wanaume? Naye huwajibu: "Uliza bibi yangu. Minye nikitaka kujua ni saa ngapi, ninaenda kuuliza jirani." Na ni kweli! Saa saba ndani ya nyumba, na mume wangu anachungulia kwa jirani, kwa sababu nimemkataza kuzigusa.

Ya kwanza nilipewa na yule daktari mzee wa Kibelgiji niliyefanya naye kazi nilipokuwa bado msichana, wakati wageni walipokuwa wakifunga mizigo na sisi tukibadilisha majina kwa amri ya serikali. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, lakini mikono yake ilikuwa na huruma. Siku ya kuondoka alivua saa yake, akaniwekea mfukoni mwa blauzi, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika: "Hii haiko ya kuvaa ku misa. Iko ya kazi." Ndiyo ile yenye uso mweupe na namba nyekundu pembezoni, utakayoitumia weye. Unabonyeza kitufe cha juu, mshale mrefu unaanza kukimbia. Unahesabu mapigo thelathini ya mgonjwa, unabonyeza tena, na pale mshale uliposimama ndipo umeandikiwa mapigo ya dakika nzima. Nilipoitumia mara ya kwanza, mwili ulinisisimka. Nilijipima mwenyewe, nikampima mfagiaji, nikampima hata mlinzi wa getini.

Pale ndipo ugonjwa uliponiingia. Nilijifunza kuzitambua saa za namna ile, zenye vitufe viwili ubavuni na vijisaa vidogo ndani ya uso. Nilijifunza kwamba za zamani, zile nzuri kabisa, zina gurudumu dogo ndani lililosimamishwa vijiti kama ua wa miti, na kwamba kidole chenyewe hukuambia: kitufe kinashuka taratibu bila kushtuka. Wageni wengi walikuwa wanaondoka na kuacha kila kitu, na watu wa Likasi walikimbilia friji na viti. Mama yako alikuwa akikimbilia droo. Nilibadilisha kuku kwa saa. Nilibadilisha pagne yangu, kitenge cha sikukuu, mpya, ambayo baba yako alikuwa ameniletea kutoka Kolwezi, na nikamwambia imeungua na pasi.

Ngoja nikuambie na lingine, maana leo nimefungua mdomo. Siku ya komunyo yako ya kwanza, ulipotoka kanisani na shela yako ukaangaza macho huku na huku ukinitafuta, nilikuja wakati picha zimekwisha kupigwa. Nilisema nilishikwa hospitalini na mama aliyekuwa anajifungua. Hakukuwa na mama wala mtoto. Nilikuwa jikoni kwa bibi mmoja wa Kigiriki aliyekuwa anasafiri siku ile, nikimbembeleza anionyeshe saa ya marehemu mume wake. Hata hakuniuzia. Ulinisamehe palepale, ukanipa nusu ya keki yako, na nikaila.

Sasa tufike kwa ile nyeusi.

Mwaka uleule wa komunyo yako, waliletwa hospitalini wagonjwa wengi, na mmoja wao alikuwa Kaumba, fundi wa umeme wa Shituru. Tumbo lake lilikuwa limeoza ndani. Alikuwa amejikaza nyumbani siku nyingi, akinywa dawa za majani, mpaka ikawa too late kama wasemavyo Wahindi wa dukani. Kwetu tunasema alikwisha kupita mto. Nilipomshika mkono kumpima, sikuuona uso wake. Niliona saa. Uso mweusi, mviringo wa namba nyeupe ukizunguka kama gamba la konokono, vitufe vilivyotuna kama uyoga mdogo. Chuma kitupu, kimejaa mikwaruzo. Katika maisha yangu sikuwahi kuona nyingine, na tangu siku ile sijaona.

Injinia mmoja alikuwa amempa alipokuwa anarudi kwao. Siku ya pili nikajitia kumtania: "Kaumba, montre hii imezeeka sana. Utaniachia?"

Akacheka, ingawa kucheka kulimuumiza. "Hii, mama munganga? Hapana. Hii iko ya mutoto wangu Kisimba."

Shika hilo vizuri, Ngalula. Alinijibu. Siwezi kusema sikujua.

Siku ya nne akafa, alfajiri, bibi yake akiwa amekwenda nyumbani kumwangalia mtoto. Kama desturi yetu, vitu vya marehemu vilifungwa ndani ya kitambaa, jina likaandikwa juu ya plasta ya sparadra, na kitambaa kikaingia kabatini. Ufunguo wa kabati ulikuwa kwangu. Asubuhi akaja kijana mmoja aitwaye Mwape, mtoto wa dada yake Kaumba, kuchukua vitu. Kwao ndivyo ilivyo: mtu akifa, mpwa wake ndiye anayetangulia. Sisi watu wa Kasai hatukulelewa hivyo, na nilikuwa nimekwisha kusikia hadithi nyingi za wapwa wanaobeba mpaka sufuria na kumwacha mjane na mkeka. Basi moyo wangu ukaniletea neno tamu kabisa. Ukaniambia: huyu ni mpwa, atakula kila kitu, mtoto hataiona saa ile hata kwa ndoto, kwa nini asiipate mtu anayejua thamani yake?

Ukisikia moyo wako unaanza kuhukumu mila za watu wengine siku ileile unapotamani kitu chao, mwanangu, kaa chini kwanza unywe maji. Minye sikukaa.

Nilikuwa na saa nyingine pochini, mpya, ya rangi ya dhahabu, yenye dirisha dogo la tarehe. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amenipa asante baada ya bibi yake kujifungua salama. Iling'aa hata ukiwa mbali, na kwangu haikuwa na maana: rangi juu, bati chini. Nikaiweka mezani karibu na ile ya Kaumba.

"Hii ya mjomba wako imechoka," nikamwambia Mwape. "Kamata hii mupya. Niachie ile ya zamani, nitakuwa ninamukumbuka nayo."

Macho yalimtoka. "Mama, kweli? Ya dhahabu?"

"Kweli."

"Aksanti, mama. Aksanti mingi. Mungu akubariki." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuinama, na nikaupokea ule mkono.

Naona tabu kukueleza furaha niliyotoka nayo siku ile. Sikujiona mwizi, hata kidogo. Mwizi huchukua, na minye nilikuwa nimetoa. Tena mbele ya watu nilikuwa nimetoa kikubwa na kuchukua kidogo. Niliimba njia nzima.

Wiki ile nikaipeleka kwa tata Simoni, fundi saa aliyekuwa anakaa pembeni ya soko, Mungu amlaze pema. Akaisafisha ndani, akaweka mafuta. Kisha akaigeuza.

"Mama, huku nyuma iko maandiko. Muntu alikwangua na sindano. Minaacha ao minafuta?"

Akaninyooshea nione. Sikuangalia. Nilikuwa na haraka aigeuze tena niuone uso. Nikamwambia: "Futa, tata. Futa mikwaruzo yote, pande zote. Ninataka ing'ae."

Akasugua na ile dawa yake ya kijani mpaka chuma kikawa kioo. Ndiyo saa uliyoijua weye, uliyokuwa ukijitazama meno kwa mgongo wake. Miaka baadaye alipita hapa Mwitaliano mmoja mpenda saa, nikamwonyesha kwa majivuno. Alishika kichwa! Akasema aliyesugua saa hii ameiua, kwamba kingo zake zimeliwa, kwamba watu wanaojua huziacha saa na makovu yake. Nililia, Ngalula. Nililia kwa ajili ya chuma. Kaumba hakunijia akilini hata dakika moja.

Sasa mwezi uliopita, unakumbuka, tulikwenda na wenzangu wa hospitali kwenye ziwa Tshangalele kuchanja watoto wa wavuvi. Mstari ulikuwa mrefu, jua kali, na mwanamke mmoja alijitolea kuwashika watoto waliokuwa wanapiga teke. Tulipokaribia kumaliza akanitazama sana.

"Mama munganga, haunijue? Minye njo mama Kisimba. Bibi ya Kaumba."

Nikaiweka sindano mezani. Akanisimulia maisha yake kama watu wanavyosimulia wakikutana na mtu wa siku za msiba. Kaumba alipozikwa, nyumba ya kampuni ikatakiwa, kwa sababu nyumba ni ya mfanyakazi na mfanyakazi hayuko tena. Akarudi huku kwa wazazi wake kukausha samaki. Nikamuuliza, nikijifanya sina habari, kama wapwa walimsumbua kwa ajili ya vitu.

"Hapana," akasema. "Mwape alileta bintu byote. Hata shati. Hata mukate bwana yangu alibakisha. Montre tu njo alikula."

Akaeleza. Mwape alifika matangani na kitambaa chote, akamfunga mtoto saa ya dhahabu mkononi mbele ya watu. Mama Kisimba akauliza: ya bwana yangu iko wapi? Mwape akasema: munganga alinibadilishia, alinipa hii nzuri zaidi kwa ajili ya mutoto. Watu wote wakacheka kwa uchungu. Nani atatoa ya dhahabu achukue ya chuma? Hata mtoto mchanga hadanganywi hivyo. Wakasema ameiuza ya mjomba wake, akanunua takataka sokoni kuziba macho. Na miezi michache baadaye rangi ya dhahabu ikabanduka, ikaacha kijani kwenye mkono wa mtoto, na hapo ushahidi ukawa umekamilika.

Ni miaka kumi na mmoja sasa. Mwape anachimba madini Kamatanda. Hakuitwa kwenye ndoa yoyote ya ukoo ule. Bibi yake mzaa mama alipokufa, alikuja matangani akakaa nje peke yake siku mbili, na hakuna mtu aliyempelekea hata maji ya kunywa. Yule kijana aliyeniombea baraka! Na alikuwa amesema kweli tupu, neno kwa neno.

Ungetegemea nilipiga magoti palepale. Nilimaliza kuchanja. Nilipanda gari na wenzangu, nikarudi nyumbani, nikanyamaza wiki tatu. Nilikupigia pasi sare zako, nikacheka na shangazi zako, na usiku nilikuwa nikigeukia ukuta ili baba yako asiniulize. Woga wangu wa kuaibika ulikuwa mkubwa kuliko huruma yangu, na hilo ndilo ninaloona haya kuliko hata kuchukua. Kuchukua nilichukua kwa dakika tano, nikiwa na tamaa. Kunyamaza nilinyamaza kwa akili zangu timamu.

Jumapili iliyopita, niliposema nakwenda kumwona mgonjwa, nilikwenda ziwani. Mama Kisimba alikuwa anageuza samaki juu ya moto. Alifurahi kuniona, akanisongea bukari, ugali wa kwetu, na ilibidi nile, maana kukataa chakula cha mtu kabla ya kumwambia neno kama lile ingekuwa kumtukana mara mbili. Kisha nikanawa, nikaitoa saa, nikaiweka juu ya mkeka.

Aliitazama. "Nzuri," akasema. "Ya nani?"

"Ya bwana yako."

Akaichukua. Hakuangalia uso wake kabisa. Aliigeuza na kupitisha kidole gumba nyuma, polepole, akarudia, kama kipofu. Akanirudishia. "Hapana. Hii haiko yake. Ya Kaumba ilikuwa na maandiko huku nyuma."

Basi nikasema yote. Kitambaa, kabati, saa ya dhahabu, Mwape aliyenishika mkono. Niliposema "Mwape hakudanganya", alijipiga mapajani kwa mikono miwili, akaita jina la mama yake, akalia kama siku ya kwanza ya msiba. "Nilimunyima maji!" alikuwa anasema. "Mutoto wa bantu, nilimunyima maji!" Sikumgusa. Sikuwa na haki ya kumgusa.

Alipotulia akauliza kwa nini nyuma ni laini. Nikamwambia minye ndiye niliyeamuru ifutwe.

Akanieleza kwamba siku moja kabla ya kufa, Kaumba alimwambia: nimemwandikia Kisimba neno nyuma ya montre, atalisoma siku atakapojua kusoma. Yeye mwenyewe hajui kusoma, kwa hiyo hakuuliza ni neno gani. Alijua mtoto atakuja kulisoma. Kisimba sasa ni kijana mkubwa, anasoma vizuri, huwa anawasomea wavuvi barua zao.

Kisha akaniuliza, bila hasira hata kidogo, kama mtu anayeomba chumvi: "Mama, mbele ya kufuta, ulisoma?"

Nikamwambia hapana.

"Hata kidogo? Hata neno moja?"

"Hata neno moja, mama Kisimba."

Aliifunga saa kwenye pembe ya kitenge chake, akakaza fundo. Hakunifukuza wala hakunisamehe. Alinisindikiza mpaka barabarani, na pale akasema: "Minye sina macho ya kumuangalia Mwape. Weye njo utaenda kwanza. Umuambie weye mwenyewe, na kinywa yako. Nyuma yake nitaenda."

Baba yako nimemwambia jana. Alikwenda uani akapasua kuni ambazo hatuzihitaji. Leo asubuhi ameniambia atanisindikiza Kamatanda, na nimekataa.

Zile sita ni zako, nilizipata kwa kubembeleza na kwa kuku, na mwenye kila moja alijua anatoa nini. Zivae. Usizifunge kwenye soksi kama nilivyofanya mimi. Zikikwaruzika, ziache. Nawe sitakuomba unisamehe kwa barua. Ukirudi Krismasi utaniangalia usoni, na hapo nitajua. Nakupenda kuliko vyote nilivyowahi kuvitamani, na ninasikitika kwamba kuna siku ulinitafuta kwa macho ukanikosa.

Kesho treni yako ikiondoka, sitarudi nyumbani. Nitachukua njia ya Kamatanda nikiwa na nguo zilezile za stesheni, kabla moyo haujanibadilika. Nimejiandaa kwa matusi, na akinipiga kibao nitageuza shavu la pili, sitapiga kelele. Ninaloogopa ni moja tu, Ngalula. Mwape alimpenda mjomba wake. Akimaliza kunitukana, na yeye ataniuliza saa ile iliandikwa nini.

Mama yako,
Kapinga